Kutaifisha Peke Yake Si Usoshalisti

Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili kuhusu Umoja wa Kisovieti imenitoa kwenye kimya cha miaka mingi. Mwandishi anadai kwamba "ubepari wa dola", yaani dola yenyewe kuwa bepari, ni tusi lililobuniwa na maadui wa mapinduzi, na kwamba serikali ikishika njia kuu za uchumi mjadala umekwisha. Lenin, kiongozi wa mapinduzi yenyewe, akiwa madarakani mwaka 1918, aliandika kuwa ubepari wa dola ungekuwa hatua ya mbele kwa Urusi ya wakati ule. Je, naye alikuwa adui?

Kiburi hiki nakifahamu. Katika mhadhara mmoja niliuliza: mfanyakazi ambaye, kwa amri ya Kisovieti ya Juni 26, 1940, aliweza kufungwa miezi miwili hadi minne kwa kuacha kazi bila ruhusa, na ambaye akichelewa zaidi ya dakika 20 alihesabiwa mtoro na kukatwa hadi robo ya mshahara, alikimiliki kiwanda chake kwa namna gani? Mhadhiri akaniuliza mimi ni wa tabaka gani, ukumbi ukacheka, na kipaza sauti kikapelekwa kwa mwingine. Majibu ya maana yalikuwapo, lau angejishughulisha kuyasoma. Trotsky, mwanamapinduzi aliyefukuzwa na Stalin, mwaka 1936 alishikilia kwamba warasimu, yaani maofisa wa chama na serikali, walipora madaraka lakini hawakuwa tabaka, kwa kuwa hawakuwa na hisa wala haki ya kuwarithisha watoto wao vyeo; hivyo dola ilibaki ya wafanyakazi, ingawa imeharibika. Tony Cliff, mfuasi wa Marx aliyeishi Uingereza, akampinga mwaka 1948: anayeamua ziada, yaani mali inayozalishwa kupita ujira wa mfanyakazi, iende kwenye mashine na silaha badala ya matumizi ya walioizalisha, huyo anafanya kazi ya bepari, awe na hati ya umiliki au asiwe nayo. Mimi namuunga mkono Cliff, lakini ningemsikiliza kwa hamu yeyote anayemtetea Trotsky kwa hoja.

Watetezi wa soko huria nao si wazima. Uingereza ilipoitaifisha benki ya Northern Rock mwaka 2008, wapo waliopiga yowe kwamba usoshalisti umeingia. Engels, mwenzake Marx, alikwisha kuwakejeli watu wa namna hiyo zama za Bismarck, kansela wa Ujerumani: kama serikali kuhodhi tumbaku ni usoshalisti, basi hata Napoleon wa Ufaransa na Metternich, waziri wa Austria, wahesabiwe miongoni mwa waasisi wake.

Mwandishi wenu akiendelea na mfululizo huu, naomba kila kiwanda atakachokisifu akiandikie mambo mawili kwenye mabano: nani alimteua meneja, na mfanyakazi aliyeondoka alifanywa nini. Nafasi mnayo; ule mchoro wa ngumi ulikula robo ya ukurasa.

Msomaji wenu wa siku nyingi