Mkono Umevunjika Kifundoni: Lini Tunapasua, Lini Tunafunga Plasta

Wengi wanaofika kliniki kwetu wakiwa wamevunjika kifundo cha mkono huogopa kisu kabla hata ya kupiga picha. Mara nyingi kisu hakihitajiki. Mtu akiteleza bafuni au akirushwa na bodaboda hutanguliza kiganja, na kwa kawaida unaovunjika ni mfupa wa upande wa kidole gumba. Mfupa huo usipohama mahali pake, plasta ngumu ya wiki 6 hivi inatosha. Ukihama, tunatia ganzi, tunauvuta ukae sawa, ndipo tunafunga.

Tunapasua pale mfupa uliposagika, ufa ulipoingia ndani ya kiungo, mfupa ulipotoboa ngozi, au ulipokataa kutulia baada ya kuvutwa. Si lazima nusu kaputi. Ganzi ya mkono mzima mara nyingi hutosha. Kuna waya nyembamba za kushikilia mfupa, ambazo hutolewa baada ya wiki 4 hadi 6. Kuna bamba la chuma lenye skrubu, ambalo lisiposumbua huachwa humohumo. Kwa majeraha mabaya kuna ile watu wanayoiita antena, yaani vyuma vya nje ya ngozi vinavyoshikilia mfupa. Bamba ni ghali, na kwa wazee wa miaka 65 na zaidi hatulikimbilii: baada ya mwaka mmoja, wengi waliofungwa plasta hutumia mkono vizuri kama waliopasuliwa, hata ukiwa umepinda kidogo.

Linalotuumiza ni mgonjwa kutorudi. Uvimbe ukipungua plasta hulegea, na mfupa unaweza kuteleza ndani yake bila maumivu ya kukushtua. Ndiyo maana tunadai picha nyingine ya eksirei baada ya wiki 1, na tena wiki ya 2. Tunajua nauli ni tatizo, na mtu asiyeumwa haoni sababu ya kupanga foleni. Lakini mfupa ulioteleza ukigunduliwa mapema hurudishwa kwa urahisi. Ukigunduliwa wiki ya 6 umeshaunga ukiwa umepinda, na kuunyoosha ni kuukata upya.

Chezesha vidole tangu siku ya kwanza. Vikifa ganzi, vikiwa vya baridi au maumivu yakizidi ndani ya plasta, usingoje kukuche. Nenda hospitali iliyo karibu plasta ipasuliwe usiku huohuo.

Kama umefungwa kwingine, njoo na picha zako za mwanzo. Tutazilinganisha na mpya kabla ya kukushauri.