Losheni yenye oksibenzoni isiuzwe tena pwani yetu

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mwongozaji, napeleka wageni Mnemba, kisiwa kidogo mbele ya Matemwe, kutazama samaki na matumbawe. Naomba nafasi niseme jambo linaloniuma: losheni za kukinga jua zenye kemikali iitwayo oksibenzoni.

Asubuhi bahari ikiwa shwari, boti zikishafika nane au kumi, inama ubavuni utazame maji. Utaona utando wa mafuta uking'aa rangi rangi, mtu akadhani petroli imemwagika. Si petroli. Ukichota kwa kiganja unasikia harufu ya manukato ya losheni. Wageni wengi hujipaka nanga ikishatiwa, na kabla haijakauka mwilini wameshajitosa.

Wiki iliyopita mama mmoja alinionyesha chupa yake kwa furaha. Mbele amechorwa kasa, na maneno kwamba losheni hii haidhuru matumbawe. Nikaigeuza. Kwenye yale maandishi madogo ya nyuma nikakuta "Benzophenone-3". Hiyo ndiyo oksibenzoni yenyewe, kwa jina lake jingine. Yule mama alihuzunika kweli, maana aliinunua kwa nia njema, tena hapa hapa Unguja, katika duka la hoteli.

Oksibenzoni kazi yake ni kunyonya miale mikali ya jua na kuigeuza kuwa joto dogo lisilodhuru ngozi. Kwa binadamu inakinga. Baharini mambo hugeuka. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walieleza walichokiona kwa anemoni wa baharini, jamaa wa karibu wa matumbawe. Mnyama huyo akiinyonya oksibenzoni huiunganisha na sukari mwilini mwake, na mchanganyiko huo ukipigwa na jua unakuwa sumu. Kinga imegeuka silaha.

Najua nitaambiwa kinachoua matumbawe ni joto. Ni kweli, sibishi. Wazee wetu wa baharini wanaukumbuka mwaka 1998, miamba ilivyogeuka myeupe sehemu kubwa ya Bahari ya Hindi. Lakini utafiti ule ule ulionyesha kwamba mwani unaoishi ndani ya wanyama hawa huifyonza sehemu ya sumu hiyo na kuwapunguzia madhara. Anemoni wasio na mwani walikufa mapema zaidi. Na tumbawe lililogeuka jeupe kwa joto ndilo lililopoteza mwani wake! Kwa hiyo mwamba ulio mgonjwa, unaojaribu kupona, ndio tunaoupaka sumu. Joto la dunia mimi na nahodha wangu hatuliwezi. Losheni tunaiweza.

Wenzetu wa visiwani wameshachukua hatua. Palau, nchi ya visiwa vya Pasifiki, ilipiga marufuku oksibenzoni na kemikali nyingine kadhaa za losheni kuanzia Januari 1, 2020. Hawaii ikafuata Januari 1, 2021: oksibenzoni na oktinoksati, kemikali nyingine ya kukinga jua, haziuzwi huko bila cheti cha daktari.

Nisieleweke vibaya. Ndugu zetu wenye ualbino losheni kwao ni dawa, inawakinga na saratani ya ngozi, na asiwepo mtu wa kuwatisha waiache. Zipo losheni zinazokinga kwa oksidi ya zinki bila oksibenzoni, na hizo ndizo ziletwe kwa wingi na kwa bei ambayo mwenyeji anaimudu. Kwa mgeni anayeogelea saa moja, fulana ya mikono mirefu inamkinga mgongo kuliko losheni inayooshwa na maji.

Kwenye boti yetu tumeshanunua fulana kumi na mbili za kuazimisha. Mwanzo wageni walisita, siku hizi wanaziulizia wenyewe. Ila boti moja haitoshi. Naiomba Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar izuie losheni hizi zisiingizwe wala kuuzwa visiwani. Wakati tunasubiri sheria, kila mgeni anayelipa ada ya kuingia Mnemba aonyeshwe picha ya majina hayo, lile la oksibenzoni na lile la Benzophenone-3, aigeuze chupa yake asome kabla hajapanda boti.

Mwongozaji wa watalii,
Matemwe, Unguja