Mwanangu, kabla hujapanda basi la Mererani

Mwanangu,

Mama yako amenipigia na kunisomea ujumbe wako. Umesubiri kazi hadi umechoka, rafiki zako wawili wameshatangulia huku Mererani kwenye machimbo ya tanzanite, na unaomba nikupokee. Ningeweza kukujibu kwa simu yakaisha. Nimeamua kuandika, tena hadharani, kwa kuwa kila matokeo ya kidato cha nne yakitoka, mabasi ya kutoka Kondoa, Singida na Babati huwashusha vijana wa rika lako hapa, na wengi wao mama zao hawana dada huku wa kumuuliza.

Sikukatazi. Nitaanzia wapi kukukataza, wakati wanangu wamesoma kwa pesa ya mashimo hayahaya? Niliuza chapati na makande, lakini aliyelipa chapati alilipa kwa jiwe.

Kilichokuingia kichwani nakijua. Juni 2020 ulikuwa darasa la saba, na nchi nzima iliona kwenye televisheni jinsi Saniniu Laizer alivyouza mawe mawili, jumla zaidi ya kilo 14, kwa shilingi bilioni 7.7, hadi Rais Magufuli akampigia simu mbele ya watu. Agosti mwaka uleule akatoa jingine la kilo 6. Ni kweli tupu, na hapa tulishangilia kama nyie. Ila yule bwana ni mwenyeji wa Simanjiro, ana mifugo yake, na mgodi ni wake. Wewe hutakuja kuwa Laizer. Utakuja kuwa mwanaapolo, mchimbaji wa kushuka shimoni kwenye mgodi wa mtu.

Mwanaapolo hana mshahara. Bosi anatoa chakula, baruti, mafuta ya kompresa, na wewe unatoa mwili. Mgodi ukitema, yaani ukitoa mawe, mnagawana asilimia ndogo kikosi kizima, na mgao wenyewe unategemea bosi ana roho gani na mabroka, madalali wa mawe, wamelipa bei gani. Usipotema, mnaendelea kula ugali wa bosi. Hali hiyo inaweza kwenda miezi, inaweza kwenda miaka, na bosi naye anaweza kufilisika katikati, ng'ombe na nyumba vikawa vimeishia kwenye baruti. Nimeona matajiri wawili watatu wakirudi kukaa kijiweni na watu waliokuwa wakiwalisha.

Kazi yenyewe ni hivi. Mashimo hayaendi wima kama kisima. Yanafuata mwamba, yanainama, yanageuka, na ya siku hizi yamepita mita 300 kwenda chini. Mnashuka kwa kamba na ngazi, penye uwezo kuna winchi. Hewa inakuja kwa bomba kutoka kwenye kompresa iliyo juu, na huko chini joto linakuvua shati kabla hujashika nyundo. Wachorongaji wanatoboa mwamba, baruti inapangwa, watu wanatoka, inalipuliwa, moshi unasubiriwa utoke. Au hausubiriwi. Tanzanite yetu inakaa pamoja na madini meusi ya kinywe (grafiti), kwa hiyo mtu anapanda juu mweusi anang'aa, unamtambua kwa sauti tu. Zamani hata watoto walikuwa wakishuka, wakiitwa nyoka, wanapenya mahali ambapo mkubwa hapiti bega.

Usidhani ni majonzi kutwa. Mji huu unacheka kuliko Kondoa. Jioni vibanda umiza vinajaa, na siku Simba na Yanga zinapocheza sifungi jiko mpaka usiku. Utakutana na Mchaga, Mmasai, Mnyaturu, Mwarusha, Mmbulu, wote mnakula sahani moja. Maji ni ya kununua, na kukipambazuka vizuri Kilimanjaro uko upande huu na Meru upande ule, ndege za KIA zinapita juu zikileta wazungu ambao wengine watanunua jiwe lililochimbwa hapa bila kujua kwamba wamelipita kwa juu. Kuna kijana wa Singida aliyepata, akalipia chakula cha kila aliyekuwa barabarani siku hiyo. Nikauza sufuria zote hadi ukoko. Msimu haukuisha akaja kunikopa chapati mbili, na alikopa akicheka.

Sasa nikuambie ya vifo, maana ujumbe wako haukuwa na hata neno moja juu yake.

Jiwe lilipatikana mwaka 1967. Mzee Jumanne Ngoma, aliyetambuliwa na serikali kuwa mgunduzi, alikuja kupewa heshima yake mwaka 2018, miezi michache kabla hajafariki. Wachimbaji wadogo walimiminika miaka ya themanini mwishoni, na mwaka 1990 eneo likagawanywa vitalu A, B, C na D. Wadogo wakabaki B na D, shimo kando ya shimo. Hapo ndipo pa kuelewa. Kila bosi anafuata mwamba wake, na miamba haijui mipaka ya leseni, kwa hiyo chini watu wanatoboleana. Mtobozano ukitokea penye mawe, ni ugomvi. Ukitokea wakati wa mvua, ni msiba, kwa sababu maji yaliyoingia shimo la jirani yanakukuta wewe uliyeingilia mlango mwingine kabisa.

Mwaka 1998, mvua za El Niño, maji yalishuka kwenye makorongo usiku na kuingia mashimoni. Waliokufa wanatajwa kuwa mia moja au zaidi. Angalia hilo "au zaidi". Mwaka 2002 watu 39 walikufa kwa kukosa hewa. Hao wanajulikana idadi. Machi 2008 mvua ya usiku tena, mashimo yakajaa tena, makumi ya watu chini, na kazi ya kuvuta maji na kutoa miili ikaenda siku baada ya siku, harufu ikafika mjini.

Mwaka huo wa 2008 nilikuwa nimeshakuwa na banda langu. Juu ya shimo, ndugu na mabosi walikuwa wanabishana nani alishuka zamu ile na nani alikuwa amelala mjini. Hakukuwa na orodha. Bosi mmoja alitaja idadi, mpishi wake akataja nyingine. Tena wengi walijulikana kwa majina ya kijiweni tu: Kipara, Mrefu, Babu, Mkongo ambaye hajawahi kuiona Kongo. Basi watu wakaanza kuja kwa mama lishe. Mimi nina daftari la madeni, mwenzangu wa banda la pili analo lake, mwenye duka la vocha analo. Tukakaa chini tukayafungua: huyu alikunywa chai jana jioni, leo hajaja, huyu alilipa asubuhi, yupo hai. Ndivyo watu wetu walivyohesabiwa mwanangu, tena waliowahesabu ni wale waliokuwa wanawadai. Asiyekuwa na deni kwa mtu alikuwa na bahati mbaya siku ile.

Na hata ukishajua kwamba Mrefu hayupo, unampigia nani? Kuna mwili uliotoka ukakaa, tukachangishana sanda, na hakuna aliyejua baba yake anaitwa nani wala kwao ni Iramba au Hanang. Alizikwa hapahapa na watu waliokula naye. Nina hakika kuna mama mahali anaamini mwanawe alipata pesa akawasahau.

Ukuta umejengwa kuzunguka machimbo, utauona. Kilomita 24 na ushei, wanajeshi waliujenga kwa miezi michache, ukazinduliwa Aprili 2018, na sasa wote tunapita geti moja tukionyesha vitambulisho, na kutoka tunapekuliwa. Serikali ilichoka kuona mawe yanavuka mpaka bila ushuru, na sina ugomvi na hilo. Lakini ukuta ulijengwa kwa ajili ya jiwe. Daftari la kuandika nani kashuka na nani kapanda, kila shimo, kila zamu, linagharimu bei ya sahani mbili za wali, na bado kuna mashimo ambako msimamizi anakuambia yuko nalo kichwani.

Hivyo ndivyo vifo vinavyoletewa kamera. Vile vingine wewe mwenyewe umevishuhudia kimoja. Ulikuwa mdogo lakini ulishika koleo tulipomzika baba yako mkubwa, mume wangu. Kijijini walisema kafa kwa kifua, wengine wakasema karogwa na wenzake wa mgodini. Baba yako mkubwa aliuawa na vumbi. Alichoronga mwamba kwa kavu miaka yote ile, kitambaa kimefungwa puani, kitambaa ambacho mimi ndiye nilikifua na maji yakatoka meusi. Kikohozi kilipoanza, zahanati moja ilimpa dawa za mafua, tukarudi, wakampa tena. Hadi alipofikishwa Kibong'oto, kule Siha, hospitali ya kifua kikuu ya tangu enzi za Mwingereza, ndipo daktari akatuwekea picha kwenye mwanga na kutueleza kwa utulivu. Vumbi la mwamba lina silika. Linaingia kwenye mapafu, halitoki, linaacha makovu, na mapafu yenye makovu hayo yanashikwa na kifua kikuu kirahisi kuliko ya mtu mwingine. Kifua kikuu kina dawa na alizimeza akamaliza. Makovu hayana dawa.

Alikaa mwaka na kitu anapumua kama mtu aliyetoka kukimbia, naye amekaa kitini. Akaniambia nimpeleke nyumbani. Kwa hiyo kifo chake hakimo kwenye hesabu ya Mererani hata kidogo. Kimeandikwa Kondoa, kama kimeandikwa. Wangapi wa namna yake wamelala Kondoa, Mbulu, Rombo, Singida? Wanakuja wazima, wanakwenda kufia kwao, na mji unaendelea kupokea wengine stendi. Nilipouliza habari ya fidia niliambiwa marehemu hakuwa mwajiriwa, alikuwa mtu wa mgao. Mgao gani, nikauliza, wa makovu? Wakacheka kwa aibu wakanipa rambirambi.

Kuchoronga kwa maji kunapunguza vumbi. Kila mtu hapa anajua. Lakini maji ni ya kununua, yanapandishwa kilimani kwa gari, na bosi anayehesabu mafuta ya kompresa haanzi kuhesabu na maji kama hakuna anayemdai. Kwa hiyo nitakupeleka kwa bosi ninayemjua mimi, anayechoronga kwa maji na mwenye daftari la zamu nililoliona kwa macho. Hana sifa ya kutema sana. Rafiki zako watakucheka, watakuambia kuna shimo limekaribia, kesho kutwa linafunguka. Kila shimo hapa limekaribia. Mvua ikionyesha wingu upande wa milimani, hushuki, hata kikosi kikikuita mwoga, hata bosi akisema posho yako imekatwa. Moshi wa baruti usipotoka, hushuki. Ukianza kukohoa wiki mbili mfululizo, unaniambia mimi, si mwenye duka la dawa. Hayo hatutajadiliana. Ukiona ni magumu, karasha za kusagia mawe ya dhahabu na kilimo cha alizeti vipo, na boda boda ya mjomba wako bado imesimama pale uani.

Njoo na namba yako ya NIDA na picha za pasipoti. Baba yako anipigie mwenyewe kabla hujapanda basi. Nataka kusikia sauti yake ikisema amekubali. Ukishuka stendi usimfuate anayejifanya anakujua, uliza banda la mama wa Kondoa, hata bodaboda wanalijua. Nitakuandika ukurasa wa mbele: jina lako, la baba, la babu, kijiji, simu ya mama yako na ya imamu wa msikiti wenu. Jina la kijiweni watakupa wenyewe, nitaliongezea pembeni. Na mwambie mama yako akufungie unga wa uwele kidogo, wa hapa sokoni una mchanga.

Mama yako mkubwa