Kufuta posti ni bure, unachotulipia ni hiki

Wiki iliyopita mteja wetu mmoja, dada mwenye duka la magauni ya harusi hapa Sinza, alirudi ofisini akiwa amekasirika. Mwezi mmoja kabla alikuwa ameposti bango la bei Instagram, sifuri moja ikamponyoka: gauni la kukodi la shilingi 350,000 likasomeka 35,000. Alilifuta baada ya dakika 40 hivi, kisha akatulipa 60,000 tusafishe lililokwisha kusambaa. Sasa bango lilelile limeibuka kwenye grupu la kamati ya harusi, na bibi harusi anadai apewe gauni kwa bei iliyoandikwa. "Mmenilia hela yangu bure," akaniambia.

Neno hilo liliniuma, maana kazi ile niliifanya mwenyewe kwa siku tatu. Na si yeye wa kwanza. Mwezi hauishi bila mtu kutuuliza mbona tulifuta na bado inaonekana.

Ukifuta posti Instagram, wafuasi hawaioni tena, lakini yenyewe bado ipo. Inaingia sehemu ya vilivyofutwa karibuni na kukaa humo hadi siku 30, ndipo inaondolewa. Facebook nayo ina pipa lake la taka, siku 30 vilevile. Ukifuta akaunti nzima ya Facebook, una siku 30 za kughairi, na kampuni yenyewe inasema kuondoa kila ulichoposti kunaweza kufika siku 90, huku nakala za akiba zikibaki kwa muda. X haina pipa la kurudishia, ukifuta, umefuta.

Huo ni upande wako, na hautuchukui hata robo saa. Kazi iko upande wa watu. Aliyeshea posti yako hana picha mkononi, ana dirisha tu la kuchungulia ukurasa wako. Ukifuta, dirisha lake linabaki tupu. Aliyepiga skrinishoti au kupakua ana picha yake, na hakuna kitufe kwenye simu yako kinachofika kwenye simu yake. WhatsApp inakuruhusu kufuta kwa wote kwa siku mbili na ushee, baada ya hapo basi. Hata ndani ya muda huo, mwenye iPhone iliyokwisha kuhifadhi picha anaweza kubaki nayo, na simu za Android kuanzia toleo la 11 zina historia ya arifa: mwenye kuiwasha anaweza kusoma maneno ya ujumbe uliofutwa, kama arifa yake iliingia ndani ya saa 24.

Kwa hiyo 60,000 zetu ni za kusaka nakala, ukurasa mmoja baada ya mwingine. Tunatafuta kwa picha na kwa maneno, tunachukua linki ya kila nakala, tunajaza kwa kila moja fomu ya hakimiliki, yaani ya kuueleza mtandao husika kwamba picha ni ya mteja wetu, na tunafuatilia majibu. Fomu hizo tunajaza kwa barua pepe ya biashara, kamwe si ya mtu binafsi, kwa sababu mlalamikiwa anaweza kupewa jina na mawasiliano ya mlalamikaji. Google nako, maelezo ya ukurasa uliofutwa yanaweza kuendelea kuonekana kwenye majibu ya utafutaji. Kuna fomu ya kuomba yaondolewe, nayo inataka linki kamili ya ukurasa wenyewe.

Hapo kwenye linki ndipo wateja wanapojiumiza. Mtu akishtuka anafuta posti, anafuta picha kwenye simu, wengine wanafuta na akaunti nzima, halafu ndipo wanapiga simu. Mama mmoja mwoka keki aliibiwa picha na ukurasa uliokuwa ukipokea oda kwa jina lake. Kwa hasira akafuta picha zake zote, Instagram na kwenye simu. Alipokuja kwetu, tulitakiwa kuonyesha kazi halisi ni ya nani, na hatukuwa na cha kuonyesha. Bahati yake ilikuwa siku ya 26. Tulizirudisha kutoka vilivyofutwa. Mwingine alikuja siku ya 34, tukamwambia ukweli kwamba hapo hatuna la kufanya. Nakili linki, piga skrinishoti yenye tarehe na jina la ukurasa, hifadhi picha halisi, halafu futa. Ni dakika tano.

Njia ya mkato iliyo mbaya kuliko kufuta kwa hasira ni kijana wa Telegram anayedai anafuta "mpaka kwenye seva", yaani kwenye kompyuta za kampuni yenyewe. Hakuna mtu wa nje anayefanya hivyo. Kaka mmoja muuza simu Kariakoo alikuja akiona bei yetu kubwa, akaondoka, akamlipa mtu wa aina hiyo 150,000, na alipoombwa namba za uthibitisho zilizoingia kwa SMS akazitoa. Jioni akaunti haikuwa yake tena. Watu wakatumiwa namba ya malipo ya tapeli kwa jina la duka lake, na wateja wawili wakaliwa pesa. Kuirudisha akaunti kulituchukua wiki tatu, na gharama yake ilikuwa zaidi ya mara tatu ya tuliyomtajia mwanzo.

Kuna kazi ambazo hatuchukui pesa. Ukitishiwa kwa picha zako za faragha na una miaka 18 au zaidi, njoo tukuonyeshe StopNCII. Ni huduma ya bure iliyoanza 2021: picha yako haitoki kwenye simu, inatengenezwa alama yake ya kidijitali tu, na majukwaa yanayoshiriki yanaizuia kwa alama hiyo. Anayekutoza kwa huduma hiyo anakuibia. Na kuna kazi tunazozikataa. Jambo likishafika polisi, hatukusaidii kufuta chochote; Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inawapa polisi uwezo wa kudai data zihifadhiwe, nasi hatutaki kuonekana tunaficha ushahidi.

Yule dada nilimfungulia faili lake. Tulipata nakala 11 kwenye kurasa za wazi, 9 zimeondolewa, 2 bado tunazifuatilia bila nyongeza ya malipo. Grupu la kamati limefungwa, halionekani kwa mtafutaji yeyote aliye nje yake, na hilo lilikuwemo kwenye karatasi aliyosaini, ingawa nakubali lilikuwa chini kabisa kwa herufi ndogo. Tumelipandisha juu. Siku hiyohiyo tulimtengenezea bango la masahihisho lenye tarehe, na mweka hazina wa kamati akaliweka kwenye grupu. Bibi harusi ameshakuja kupima gauni.