Kikao cha wazazi Ijumaa saa saba?

Mhariri, mi ni mama wa watoto watatu hapa Mwanjelwa, Mbeya, naomba kanafasi kadogo. Waislamu huku tupo wachache, si kama Tanga au Unguja, ila na majirani hatuna shida, jirani yangu Mnyakyusa kila Krismasi analeta jogoo wake kwangu, mwanangu anachinja, afu ananyonyoa mwenyewe pale bombani huku tunapiga stori, anasema hataki niende kwake niishie kunywa soda tu. Mdogo wangu aliyeolewa Leicester, Uingereza, anatuonea wivu, Ramadhani ya Juni 2016 alikuwa anafuturu saa tatu na nusu usiku, watoto washasinzia mezani, wakati sisi huku saa kumi na mbili na nusu uji wa pilipili manga upo tayari na sahani ya magimbi inavuka ukuta.

Sasa shule ya kitindamimba wangu ndo inanichosha, vikao vya wazazi Ijumaa saa saba mchana, mara ya tatu hii mwaka huu, tukishaswali tukifika ajenda zimepita, tunakabidhiwa tu mchango ulioshapitishwa. Si wangeweka hata Alhamisi jamani, au saa tisa.

Mama wa Mwanjelwa, Mbeya