Majina ya wanaopunguzwa kazini yasipangwe kabla ya mashauriano

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo sisi wawakilishi wa wafanyakazi tumelishuhudia zaidi ya mara moja: kampuni inapotangaza kupunguza watu, orodha ya watakaobaki huwa imekwisha kukamilika katika ofisi za wakurugenzi kabla ya mashauriano kuanza.

Kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri atoe notisi ya kusudio lake, aweke wazi taarifa zote zinazohusika, kisha ashauriane na chama cha wafanyakazi, au na wafanyakazi wenyewe pale wasipokuwa na chama, kuhusu sababu za punguzo, njia za kuliepuka na namna ya kuwachagua watakaoondoka. Hilo la mwisho ndilo tunaloporwa.

Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinatambua utaratibu wa aliyeingia mwisho kutoka kwanza, ila zinazingatia pia haja ya kubaki na wenye uzoefu au ujuzi maalumu. Sipingi haja hiyo, maana kiwanda hakiwezi kumpoteza fundi pekee anayeijua mitambo yake. Lakini anayeamua ni ujuzi upi ulio maalumu ni mkurugenzi yuleyule ambaye jamaa yake, au mtu aliyekuja naye kutoka kampuni aliyotoka, yumo katika idara inayopunguzwa. Hapo ndipo cheo kinapobadilishwa jina katika muundo mpya na kuongezewa sharti la cheti ambacho mtu mmoja tu anacho, huku mhasibu aliyethubutu kuhoji malipo fulani akipewa na mkuu wake alama za chini katika upimaji wa kuchagua watakaobaki, ingawa tathmini ya mwaka ilikuwa imemsifu.

Kiinua mgongo ambacho sheria inamhakikishia anayepunguzwa ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka wa utumishi, kwa miaka isiyozidi 10, hivyo aliyetumikia miaka 20 hana haki ya zaidi ya aliyetumikia 10. Akitaka kulalamikia kuachishwa kwake, sharti afike Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Ni kweli mzigo wa kuthibitisha kwamba haki ilitendeka ni wa mwajiri, lakini wengi hukata tamaa mapema kwa sababu hawajawahi kuziona alama zilizowaondoa.

Naiomba Serikali, na hasa vyama vyetu, visimamie kwamba vigezo vinaandikwa na kujadiliwa kabla ya jina lolote kutajwa, alama zinatokana na tathmini za miaka iliyopita, kila mfanyakazi anapewa nakala yake, na kiongozi mwenye ndugu katika idara husika hashiriki kupanga alama. Nafasi za wakurugenzi nazo zipimwe kwa vigezo hivyohivyo, kwani gharama inayotajwa kuwa sababu ya punguzo imo pia katika mishahara yao.

Mwakilishi wa wafanyakazi,
Dar es Salaam