Kwako somo yangu: kuhusu michango, mabango na kimya

Mombasa,
Jumapili jioni.

Kwako somo yangu,

Baada ya salamu nyingi kwako na kwa watoto, nimeusikiliza ujumbe wako wa sauti mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nimeshalitoa kabatini daftari la mwaka 2022, kwa maana nilijua sitaweza kukujibu bila kulitazama. Unasema mmechangisha fedha za kumtangaza binti huyo anayewania uwakilishi wadi bila chama, kwamba mna muda wa kutosha kabla ya Agosti 10, 2027, lakini waliochanga wameanza kuuliza maswali ambayo kamati yenu inayachukulia kuwa matusi. Unataka nikwambie muwajibu vipi bila kugombana nao. Kwa kuwa nilikuwa mweka hazina wa kazi kama hiyo na niliivuruga kwa mikono yangu mwenyewe, niruhusu nikujibu kwa urefu.

Tulilelewa tukiambiwa kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi daftari nilikuwa nalo, somo, tena limepigwa mistari kwa rula, na kila shilingi iliyoingia na kutoka ilikuwa na tarehe yake. Kilichokosekana ni habari. Hesabu zilikuwa safi lakini zimelala katika kabati langu, na walioleta fedha walikuwa nje wakikisia.

Ilikuwa hivi. Tulichapisha mabango 60 wiki moja kabla ya Tume ya Uchaguzi kuidhinisha alama ya mgombea wetu. Unajua kwamba asiye na chama hupeleka alama yake mwenyewe, nayo haifai kufanana na ya mwingine. Mgombea wetu alikuwa amechagua ngalawa, ikakataliwa kwa kuwa ilikaribiana mno na alama iliyokwisha kusajiliwa, akachukua kengele, nasi tukabaki na mabango 60 ya ngalawa, yaliyotugharimu shilingi 42,000, yamekunjwa chini ya kitanda changu. Kosa lilikuwa letu, maana hakuna aliyetuhimiza kuchapisha mapema ila pupa. Kamati ikakaa kikao na kuamua tunyamaze mpaka tupate fedha za kuchapisha mengine, kwa hoja kwamba ukimwambia mtu fedha yake imepotea, hatatoa tena. Mimi niliunga mkono. Kwa siku tisa hatukuandika neno katika kikundi isipokuwa dua ya Ijumaa na, chini yake, namba ya kutumia michango.

Katika waliokuwa wakichanga alikuwepo mama mmoja muuza viazi karai aliyekuwa akinitumia shilingi 50 kila Ijumaa usiku baada ya kuzima jiko. Siku ya kumi nilipita kwake, akanisimamisha na kijiko chake cha matundu mkononi, mafuta yakichuruzika kwenye karai, akaniuliza mbele ya wateja: "Mwanangu, nimetembea barabara yote hii mpaka sokoni, bango sijaliona hata moja. Mliyatundika usiku?" Hakuniita mwizi. Walioniita mwizi walikuwa katika kikundi, na picha za mazungumzo yao zilikwisha kuvuka hadi vikundi vya wagombea wengine, zikiwa na maneno mawili tu juu yake: "Zimeliwa hizo."

Usiku ule niliandika bila kuomba ruhusa ya kikao. Nakunukulia kutoka kwenye daftari, kwa sababu niliandika kwa kalamu kwanza: "Tulichapisha mabango 60 kabla alama ya mgombea haijaidhinishwa. Alama imebadilika na mabango hayafai. Shilingi 42,000 zimepotea na kosa ni la kamati. Zimebaki shilingi 31,650. Mabango yako nyumbani kwangu, anayetaka kuyaona aje." Nikayatandaza sakafuni, nikayapiga picha, nikatuma. Kwa muda wa saa nzima nilisomewa kila aina ya maneno, na watu wanne wakajiondoa. Kisha kijana mmoja anayechora matatu, ambaye alikuwa ametuchangia shilingi 200 na hatukuwahi kumjibu hata asante, akaandika kwamba ngalawa inaweza kufunikwa kwa rangi na kengele ikachorwa juu yake. Tuliokoa mabango 41. Fikiria kwamba mtu mwenye dawa alikuwa ndani ya kikundi siku zote tisa, nasi tulikuwa tumemfungia mlango kwa kuogopa kumweleza ugonjwa. Sikwambii kwamba baada ya hapo michango ilimiminika. Wiki ile tulipata shilingi 3,200, na mgombea wetu hatimaye alikuwa wa tatu. Ila maswali yalibadilika, kwa kuwa watu waliacha kuuliza fedha ziko wapi na wakaanza kuuliza zinaelekea wapi, na swali la namna hiyo linajibika.

Kwa hiyo jambo la kwanza nitakalolitafuta katika taarifa zenu ni kama habari mbaya inatoka kinywani mwenu kabla haijatoka kwa jirani. Mkishawapa watu habari njema tupu, kila kimya chenu kitasomwa kuwa habari mbaya, na hata siku ambayo hakuna lolote lililotokea mtaonekana mnaficha.

La pili linahusu sentensi yenu ya kwanza kabisa, ile ya kuomba mchango. Umenitumia tangazo lenu na nimelisoma. Linasema "tumuunge mkono mgombea wetu". Ndivyo tulivyoandika sisi pia, na matokeo yake watu waliamini wamempa mgombea fedha mkononi, wakampigia simu kumwomba ada za shule na nauli za kwenda mazishini kwa kuwa "ana hela tulizomchangia", naye hakuwa ameiona hata senti moja. Hakuna aliyekuwa amewaeleza kwamba wanalipia mabango, rangi na tuktuk ya kipaza sauti, basi.

Katika hili nina mfano wa mbali ambao huwa nikiukumbuka nauheshimu, hata kama siasa zenyewe si zangu. Mwaka 2007, mwaka uleule ambao M-Pesa ilizinduliwa hapa kwetu, mbunge wa Texas aitwaye Ron Paul alikuwa akiwania tiketi ya chama cha Republican kwa uchaguzi wa rais wa 2008. Wafuasi wake wengi walikuwa watu wa kujitolea waliokutana kwenye intaneti, na baadhi yao waliamua kukodi puto refu la angani lenye injini na rubani, ili jina lake lionekane juu ya miji. Sheria ya Marekani wakati huo haikumruhusu mtu binafsi kumpa mgombea zaidi ya dola 2,300 kwa kila uchaguzi, na puto si kitu cha bei ya kanga. Waandalizi wakaunda kampuni ya kibiashara, na wakawaambia watu waziwazi kwamba anayetoa fedha hapa hamchangii Paul, bali ananunua tangazo. Mpango huo ulizua mjadala wa kisheria, na sina haja ya kuamua nani alikuwa na haki. Ninachokitazama ni jinsi walivyolazimika kumweleza mtu fedha yake inageuka kuwa nini. Hilo lilikuwa muhimu kwa sababu mfuasi huyohuyo alikuwa na milango miwili mbele yake: Novemba 5 wafuasi waliitisha siku moja ya kuchanga, zikaingia zaidi ya dola milioni 4 katika kampeni yenyewe, na Disemba 16 wakarudia, zikaingia takriban milioni 6. Mtu asipojua anabisha mlango upi, ataudai mlango huu alichokitia katika ule. Disemba hiyohiyo puto likaruka kutoka Elizabeth City, North Carolina, ubavuni limeandikwa swali la Ron Paul ni nani, na ushauri wa kumtafuta Google. Tiketi ya chama ilimwendea John McCain. Lakini aliyelipia maandishi angani aliyapata maandishi angani, na hakuwa ameahidiwa zaidi ya hapo.

Basi liandikeni upya tangazo lenu. Semeni mnanunua nini, kiasi gani, na kwamba mgombea hatapokea fedha hizo. Mkibadilisha mpango, kwa mfano mkaacha kuta na kuhamia matangazo ya redio, waelezeni kabla ya kulipa, kwa maana aliyetoa mia moja kwa ajili ya ukuta unaotazamana na duka lake anauhesabu ukuta huo kuwa wake.

Nikifika kwenye majina, hapa ndipo ninapotaka msikilize zaidi. Sisi tumezoea michango ya harusi, ambapo orodha hupita katika kikundi kila jioni, jina na ahadi na alichokwisha kutoa, na asiyelipa huona haya akalipa. Katika harambee ndiyo kabisa, jina hutangazwa kwa kipaza sauti. Tuliuleta mtindo huo katika siasa bila kufikiri, na kesho yake fundi cherehani mmoja akaniomba nimfute kwa sababu mwenye nyumba wake alikuwa wakala wa mgombea mwingine. Watu wana sababu ya kuogopa, somo. Wengi wanakumbuka mwaka 2021, Wakenya walipogundua wameandikishwa kuwa wanachama wa vyama ambavyo hawajawahi kuvikanyagia ofisi, na hofu imezidi tangu vijana walipotekwa baada ya maandamano ya Juni 2024. Usiwatangaze. Tulichofanya baadaye ni kutoa orodha yenye herufi nne za mwisho za namba ya muamala wa M-Pesa na kiasi kilichoingia. Kila mtu hufungua ujumbe wake kwenye simu, hulinganisha zile herufi nne, na hujua kwamba shilingi zake zimefika, huku jirani yake haambulii kitu. Mama wa viazi hakujua kusoma vizuri, kwa hiyo mjukuu wake alikuwa akimtafutia mstari wake kila Jumamosi, baada ya majuma mawili akawa anautafuta mwenyewe, na akija kunikuta husema, "Nimejiona."

Majina kamili utakuwa nayo wewe mweka hazina, kwa kuwa simu hukuonyesha nani ametuma, na yabaki kwako. Tena fungueni laini ya mchango tu. Mimi nilipokea kwenye simu yangu mwenyewe, nikawa nikinunua unga nahisi kama ninaiba.

Kuhusu yule bwana wenu aliyetoa elfu thelathini na sasa anapiga simu saa tano usiku akitaka kauli mbiu yake ichapishwe: sisi pia tulikuwa na wetu wa namna hiyo, nadhani kila kamati huwa naye. Mjibu kwa adabu na kwa maandishi, mwambie kauli mbiu ni ya mgombea, na kwamba akitaka fedha yake irudi mtairudisha ikiwa bado haijatumika. Ofa hiyo isiwe ya mdomo. Fedha yake iwekeni akiba kwa wiki moja kabla ya kuigusa. Wa kwetu alikaa kimya siku mbili, kisha akasema tuendelee. Angeichukua fedha yake, tungekosa mabango ya wadi nzima, lakini kamati inayoshindwa kurudisha elfu thelathini huwa imeshanunuliwa kwa elfu thelathini.

Na nyinyi wenyewe jihurumieni. Mnafanya kazi hii baada ya duka na shamba, hamlipwi, na yapo maswali yanayoulizwa kwa ufidhuli. Usijibu moja baada ya jingine saa zote, wala usimruhusu kila mjumbe ajibu, maana wajumbe wawili wakitaja viasi viwili tofauti mmekwisha. Chagueni mtu mmoja na saa moja ya jioni, mseme hivyo wazi, na taarifa ya wiki itoke siku ileile hata kama hakuna kilichoingia. Iandikeni, kisha mtu mwenye sauti nzuri aisome kwa ujumbe wa sauti kwa ajili ya wazee. Msingoje ofisi iwalazimishe: Sheria ya Ufadhili wa Kampeni za Uchaguzi tumekuwa nayo tangu 2013, na chaguzi za 2017 na 2022 zote zimepita bila sheria hiyo kutekelezwa. Anayewadai hesabu ni huyohuyo mnayemwona ana matusi.

Nimempa daftari dereva wa matatu ya asubuhi inayokuja Voi, limefungwa katika gazeti, ulichukue stendi kabla ya saa sita. Ukurasa wa 14 una doa la mafuta ya viazi, usishtuke. Niandikie hilo tangazo jipya kabla ya kulituma kwa watu, nami nitalisoma kwa jicho la mama yule wa kijiko cha matundu. Bado anakaanga palepale, na juzi aliponiuliza habari zako nilimwambia unachangisha. Akauliza namba.

Wako akupendaye,
Somo yako.